Moto aliouona Bi Schächter

Nimemaliza tena kumbukumbu za Elie Wiesel, Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi wa Ujerumani, zile zilizotoka Paris mwaka 1958 kwa jina la La Nuit, yaani Usiku. Ni kitabu chembamba, mtu anaweza kukimaliza kwa kikao kimoja. Mimi siwezi. Nikifika kwenye behewa lazima nikiweke chini kwanza.

Ni Mei 1944. Wayahudi wa Sighet, mji wa Transylvania uliokuwa wakati huo chini ya Hungaria, wameshindiliwa watu 80 katika behewa la mifugo. Wiesel ana miaka 15. Humo ndani yumo Bi Schächter, ametenganishwa na mumewe, amebaki na mwanawe mdogo. Usiku anapiga ukelele: moto! Nauona moto! Watu wanachungulia nje, giza tupu. Wanamfunga, wanamziba mdomo, na mwisho wanampiga kichwani huku sauti nyingine zikiwaunga mkono wapigaji. Mtoto amemng'ang'ania mama yake, hasemi neno, hata kulia ameacha. Treni inapofika Birkenau, kambi ya mauaji ya Wanazi, moto upo kweli, unatoka kwenye bomba refu, na hewa inanuka nyama inayoungua.

Shuleni tulikaririshwa kwamba giza katika fasihi ni uovu na nuru ni wema. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapata maksi zako. Kwa kitabu hiki naona jibu hilo linapotosha. Nuru gani humo iliwahi kuleta heri? Siku ya kuhamishwa, watu wa Sighet walisimamishwa barabarani kwenye jua kali, hawana maji. Usiku wa kwanza kambini, kinachomulika ni shimo la moto wanamotupwa watoto. Moshi unapaa kwenye anga ya buluu, na anga iko kimya. Wiesel ni kijana aliyekuwa akilia machozi anaposali. Kimya kile ndicho kilichomvunja.

Giza lina Juliek. Januari 1945, jeshi la Wasovieti likikaribia, wafungwa wanakimbizwa kutoka Buna, kambi ya kazi alikohamishiwa Wiesel, hadi mji wa Gleiwitz kwenye theluji, kisha wanasukumwa ndani ya banda, wanalaliana, walio chini wanakosa pumzi. Juliek, kijana wa Warsaw aliyekuwa katika bendi ya kambi, amebeba fidla yake njia nzima. Anaipiga humo gizani, kipande cha Beethoven, muziki ambao Myahudi alikatazwa kuupiga. Hakuna anayemwona. Hakuna anayeona namba ya mfungwa iliyochanjwa kwenye mkono wa mwenzake pia, wala A-7713 ya Wiesel. Kunapokucha, Juliek amekufa na fidla imekanyagwakanyagwa. Asubuhi ndiyo iliyoleta habari hiyo.

Hapo nilikaa kidogo nikawaza. Kwa Wayahudi siku huanza jua linapozama, kama wanavyohesabu wazee wetu wa pwani: usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja. Kijana aliyelelewa na Torati na Talmud, vitabu vya dini ya Kiyahudi, alijua hesabu hiyo tangu utotoni, kwamba kila usiku una asubuhi yake mbele. Lakini alipo Buna anahesabu usiku peke yake: usiku wa mwisho nyumbani, wa mwisho geto, mtaa walimofungiwa Wayahudi, wa mwisho kwenye behewa, na sasa wa mwisho Buna. Asubuhi zimetoweka kwenye hesabu.

Isipokuwa moja. Buchenwald, kambi nyingine ya Wanazi, jioni ya Januari 28, baba yake anaumwa, anaomba maji, anamwita mwanawe kwa jina. Afisa anamtandika rungu la kichwa. Mwana hathubutu kusogea. Baadaye anapanda kitanda cha juu, analala. Anaamka alfajiri ya tarehe 29, na mahali pa baba amelala mgonjwa mwingine. Wiesel hakulia, na aliandika waziwazi kwamba huko ndani kabisa, laiti angejichunguza, pengine angekuta kitu kama nafuu. Ukurasa huo unanisumbua kuliko ule wa shimo la moto. Kwenye shimo najua nimchukie nani.

Mwaka 1960 alitoa riwaya iliyokifuata kitabu hiki, akaiita L'Aube, Alfajiri. Watu hulisoma jina hilo kama la matumaini. Ninayo rafuni, na baada ya alfajiri ile ya Buchenwald sina haraka ya kuifungua.