Umeme na maji vimo ndani

Sinza, Jumapili usiku

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na mama mwenye nyumba ameshanipigia: kodi haipandi, umeme na maji vimo ndani kama kawaida, nilipe miezi sita. Nitalipa. Rafiki zangu wananishangaa, maana kwa hela hiyo ningepata chumba, sebule na jiko kule Kimara na bado nikabakiwa na ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Wanasema kweli. Ila wao hawajawahi kupanga nyumba ya mita moja.

Nilikotoka, Mwananyamala, tulikuwa wapangaji sita kwenye LUKU moja. Umeme ukikata saa tatu usiku nyumba nzima inanyamaza, kila mtu yuko chumbani kwake anasikilizia nani atatoka kuanza kuchangisha. Mwenye friji anaambiwa aongeze. Naye anauliza, je, yule anayepiga pasi kila alfajiri? Chumba cha nyuma alikaa mama mmoja muuza maandazi, ana taa moja na simu ya kuchaji. Alikuwa anafungua pindo la kanga, anahesabu sarafu za mia mia mpaka itimie sehemu yake, sawasawa na ya mwenye friji. Jambo lile liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Limezidi kuniuma nilipokuja kuzisoma bei za umeme. Mteja wa nyumbani ambaye wastani wake hauzidi yuniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi na tozo. Akihamia kundi la kawaida, yuniti ni 292. Chukua kaya sita, kila moja inatumia yuniti 50. Zikiwa na mita zao, zote kwa pamoja zinalipa 30,000. Zikibanwa kwenye mita moja ni yuniti 300, kwa hiyo 87,600. Nafuu iliwekwa kwa ajili ya watu kama yule mama, na haimfiki, kwa sababu nyumba nzima inahesabiwa mteja mmoja.

Na kodi ya jengo je? Tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU; kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini kule tuliilipa sisi kwenye michango yetu.

Hapa Sinza mita ni moja pia, najua, na hiyo 292 imo ndani ya kodi yangu. Ninachokilipia hasa ni maji. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar ikaingia kwenye mgao, Mwananyamala tulinunua dumu kwa dumu kwa bei aliyoitaka mwenye mkokoteni. Hapa bomba likikauka na simtank ikishuka, anayempigia mtu wa boza ni mama mwenye nyumba, na hela ni yake. Boza linafika siku hiyohiyo. Masharti yapo: jiko la umeme hataki kuliona, na mwenye kiyoyozi anaongeza hela. Sioni ubaya, mradi yameandikwa.

Kesho nikitoka kazini nitapita kwake. Nataka mkataba useme wazi kwamba bei ya umeme ikipanda katikati, kodi haiguswi mpaka miezi yangu iishe, na kwamba boza liko juu yake. Halafu kuna kijana wa chumba cha uani ambaye hana hata feni, anaondoka alfajiri na kurudi usiku, na kodi yake imepigiwa hesabu ya umeme kama ya sisi wenye friji. Nitamsemea apunguziwe. Mama ni mtu wa kusikia, na akitaka nimwonyeshe hesabu, ninayo.