Kifyatuo kilichokuwa kikinisumbua

Kwa muda mrefu niliamini kwamba macho yangu ndiyo yaliyokuwa yakiniharibia shabaha ya mita 50, kumbe tatizo lilikuwa chini ya kidole. Kifyatuo cha bunduki yangu ya .22 LR (aina ya risasi ndogo), inayojipakia risasi yenyewe, kilihitaji nguvu ya karibu kilo 2.7, nacho kilikwaruza njiani kama jiwe linaloburutwa juu ya saruji, hata kabla risasi haijatoka, ncha ya mtutu ilikuwa imeshasogea kulia. Sikuthubutu kuzipiga tupa sehemu zake, kwa sababu kingo zinazoishikilia nyundo, kile kipande cha ndani kinachopiga ili risasi ilipuke, zikilika, bunduki ya aina hii inaweza kufyatuka yenyewe. Fundi wa silaha mwenye leseni alinifungia kifyatuo kipya kizima, cha kilo 1.3, akakikagua kwa makini kabla ya kunirudishia.

Hata hivyo, kilichonishangaza zaidi ni risasi zenyewe. Nilizoea zile za kasi kubwa, ambazo hutoka zikiwa zimeipita kasi ya sauti na huweza kuyumba zinaporudi chini ya kasi hiyo. Nilipohamia zile za takriban mita 330 kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti, matundu 10 yaliyokuwa yakitawanyika kwa milimita 40 yalikusanyika ndani ya milimita 22. Skrubu za kitako nilizikaza zote kwa kipimo kimoja. Sasa nasafisha chemba, sehemu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, mara kwa mara, lakini mtutu nausugua pale tu matundu yanapoanza kutawanyika tena.