Kiputo cha mita 600

Siku ya tano baharini. Tumbo limetulia. Siku mbili za kwanza niliishi na ndoo, na habari hiyo iishie hapo.

Zamu yangu ni saa sita hadi saa kumi, mchana na usiku. Usiku wa kuamkia leo tulishusha CTD hadi mita 2,000. Ni fremu ya chuma yenye vihisi vya joto, chumvi, kina na oksijeni, imezungukwa na chupa 24 za Niskin, za kutekea maji, zilizo wazi juu na chini. Winchi hulegeza waya kama mita 60 kwa dakika, kwa hiyo kushuka peke yake kunapita nusu saa. Darasani tulichorewa mstari mmoja tu wa wima ubaoni! Huku mstari huo unausubiri umesimama, helmeti kichwani, macho kwenye waya unaolia. Chupa hufungwa wakati wa kupanda, kina kwa kina, mtu akibonyeza kitufe akiwa amekaa ndani.

Fremu ilipotua sitahani tukajipanga kuteka maji. Oksijeni hutangulia, kwa sababu maji yakishaonana na hewa yameharibika kwa kazi hiyo. Unaingiza mpira mwembamba hadi kitako cha chupa ndogo ya kioo, unaacha maji yafurike vya kutosha, unatia kemikali mbili, unafunga kizibo, unatikisa. Pasibaki hewa hata chembe.

Kwenye chupa yangu ya mita 600 ilibaki. Kiputo kama punje ya ufuta, kimejibanza chini ya bega la chupa. Nilikiona. Nyuma yangu wenzangu walikuwa wanangoja, nami nikatikisa na kuiweka kwenye kreti.

Kina hicho ndicho kibaya zaidi kwa uzembe huo. Mabaki yanayozama kutoka juu huozeshwa na bakteria, bakteria hutumia oksijeni, na hewa ya juu iko mbali, kwa hiyo pale tulipo oksijeni ya mita 600 ni kidogo mno. Kiputo kimoja kinatosha kuipandisha. Kemikali zile mbili huacha mashapo chupani, na oksijeni ikizidi rangi hukolea; yangu yalikuwa ya kahawia iliyokolea kuliko ya jirani zake wa juu na wa chini. Tukatia asidi, wanga, kisha thiosulfeti tone kwa tone hadi buluu ikatoweka; kiasi cha thiosulfeti kilichotumika ndicho kinachotoa namba ya oksijeni. Njia ni ile ile ya mkemia Winkler ya mwaka 1888. Namba yangu ikasimama peke yake kwenye grafu kama mnazi uwanjani.

Mwenzangu mmoja akachangamka: huenda tumekuta maji yaliyotoka kwingine! Wakaanza kujadili mikondo. Aibu yangu ni hii: niliwaacha waongee kama dakika kumi.

Mwalimu akauliza nani aliyeteka ile.

"Ni mimi, Mwalimu. Kulikuwa na kiputo."

Hakunifokea. Alinieleza kwamba kihisi cha oksijeni hupotoka taratibu kadiri siku zinavyokwenda, na chupa zetu ndizo zinazotumika kukirekebisha. Namba mbaya ikipita kimya, inakipotosha kihisi badala ya kukinyoosha, na mtu atakayeisoma miaka mingi ijayo hatakuwa na wa kumuuliza. Akanisogezea fomu na penseli (wino hapa haufai, maji ya chumvi huutawanya). Nilitaka kuifuta namba. Akanizuia mkono.

"Iache. Andika ulichokiona."

Kwenye safu ya maelezo nimeandika: kiputo, kilionekana kabla ya kutikisa. Mwandiko umepinda, meli ilikuwa inalala upande.

Kituo kinachofuata tutakifikia saa saba usiku. Nimeomba chupa ya mita 600.