Konokono wa Likoni na Jamaa Zao wa Visiwani

Masika ya Mombasa yakikolea, kwenda Likoni ni shughuli. Feri ilijaa pomoni, kisha ikabidi tungoje meli ya makontena iingie Kilindini. Hapo ndipo nikawakumbuka Placostylus, konokono wakubwa wa nchi kavu wanaopatikana tu katika visiwa vya Pasifiki, kama Kaledonia Mpya, Fiji na Lord Howe ya Australia. Huko Lord Howe, meli iitwayo Makambo ilikwama ufukweni mwaka 1918, panya wakashuka nayo. Konokono wale hawakuwahi kumjua panya, wakatafunwa hadi wakakaribia kwisha. Mwaka 2019 ndipo kisiwa kizima kilipotegwa sumu ya panya.

Ng'ambo nikapanda tuktuk, matope mpaka kwenye viti.

Nilimkuta shangazi shambani, kanga kaikaza kiunoni, mkononi ana kopo la chumvi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Angalia walivyonifanyia mchicha!"

Nikamwokota konokono mmoja chini ya mgomba. Gamba la hudhurungi lenye michirizi iliyokolea, limejaa kiganja, na mnyama mwenyewe akajivuta ndani akiacha povu vidoleni mwangu. Hawa wa pwani yetu gamba lao laweza kufika sentimita 20. Placostylus wa Lord Howe hafiki hata nusu ya hapo.

Nikamwambia kuwa Kaledonia Mpya, hasa Kisiwa cha Misonobari, watu huwala Placostylus, tena ni kitoweo cha heshima.

"Astaghfirullah! Basi wapelekee na hawa wangu, bure."

Wamekwisha kupelekwa, shangazi. Binadamu aliwasambaza hawa wetu toka Afrika Mashariki mpaka Bara Hindi, Hawaii na Tahiti, wakala mazao ya watu. Kisiwani Moorea, jirani na Tahiti, mwaka 1977, wataalamu wakaleta konokono mla nyama, asili yake Florida, ili awamalize. (Wataalamu nao!) Yule mgeni akawaona Partula, vikonokono vya mitini vya kisiwa hicho, ni laini zaidi. Kama miaka kumi tu, Partula karibu wote wakatoweka porini Moorea. Spishi kadhaa zilisalia tu katika bustani za wanyama.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kopo halijatua.

"Na hawa wetu, huko walikofika, mboga za watu walikula?"

"Walikula."

"Ehe! Nipishe hapo mwanangu, nimwage chumvi."