Neno “uchimbaji” lilivyonipoteza njia

Kila niliposikia kwamba sarafu za kidijitali huchimbwa, nilidhani zimefukiwa mahali fulani ndani ya kompyuta, zikimsubiri mwenye bahati azifukue. Nilianza kuelewa siku nilipoacha kufikiria migodi nikafikiria daftari.

Katika kikundi chetu cha kukopeshana, daftari hushikwa na mweka hazina peke yake. Mwaka mmoja ukurasa ulichanwa, na kila mwanachama akabaki na hesabu yake kichwani. Bitcoin, mojawapo ya sarafu hizo za kidijitali, iliyoelezwa mwaka 2008 na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto na kuanza kazi tarehe 3 Januari 2009, ni daftari ambalo nakala zake kamili zimo mikononi mwa maelfu ya watu wasiojuana. Kurasa zake, zinazoandikwa miamala, huitwa bloku, na kila bloku hubeba alama ya ile iliyoitangulia; huo ndio mnyororo wa bloku, yaani “blockchain”.

Alama hiyo, ambayo mafundi huiita heshi, hutokana na kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256, inayogeuza maandishi yoyote kuwa herufi na tarakimu 64. Niliijaribu kwa jina langu: nilipoongeza nukta moja tu mwishoni, jibu lilibadilika lote, kana kwamba ni jina la mtu mwingine. Kwa hiyo anayefuta muamala wa zamani huharibu alama ya bloku hiyo, na ya inayofuata, hadi ya leo.

Mchimbaji basi hufanya nini? Hubahatisha. Bloku haikubaliwi mpaka heshi yake iwe ndogo kuliko kiwango kilichowekwa, yaani ianze na sifuri nyingi, na kwa kuwa hakuna njia ya mkato, mashine hubadilisha namba moja ndani ya bloku, hukokotoa, hukosa, hubadilisha tena. Katika bloku ya kwanza kabisa namba iliyofaulu ilikuwa 2083236893, na heshi yake huanza na sifuri 10. Mashine moja ya siku hizi hujaribu matrilioni ya mara kwa sekunde. Hata hivyo bloku mpya hupatikana kila dakika 10 kwa wastani, kwani mfumo hurekebisha ugumu kila baada ya bloku 2,016.

Anayefaulu hupata ada za miamala na sarafu mpya, ambazo zilikuwa 50 hapo mwanzo na ni 3.125 tangu Aprili 2024.

Umeme unaoteketea katika kubahatisha huko ndio ulinzi wenyewe wa daftari, maana anayetaka kuandika upya ya jana lazima airudie kazi yote huku akishindana na wachimbaji wengine wote. Ndiyo sababu wachimbaji hufuata umeme nafuu: huko Luviro, mashariki mwa Kongo, Hifadhi ya Virunga iliziunganisha mashine zake na mtambo wa nguvu za maji. Mpwa wangu aliniuliza kama angeweza kuchimba kwa kompyuta mpakato yake. Nilimwambia aanze kwa kuninunulia umeme wa luku.