Jinsi nilivyopata maoni ya maana juu ya insha yangu ya falsafa

Wiki nzima hapa Nyegezi, Mwanza, nilikuwa nabandika insha kwenye programu ya akili mnemba na kuuliza, "Iko vizuri?" Jibu lilelile: nzuri, boresha mtiririko. Nikaomba alama, nikabadilisha maneno. Wapi!

Insha ilimpinga Kant, mwanafalsafa Mjerumani, aliyeshikilia mwaka 1797 kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako kajificha wapi, hupaswi kumdanganya. Mimi nilikuwa upande wa Benjamin Constant, mwandishi aliyebishana naye: ukweli ni wa yule mwenye haki nao.

Kilichosaidia ni hiki. Nilifuta kichwa na utangulizi, nikabandika kiini peke yake, nikaandika: "Usisifu, usirekebishe. Toa hoja zangu kwa namba, kisha hitimisho linalotokana nazo." Ikatoa hoja tatu na hitimisho nisilolikusudia kabisa: uongo ni halali kila unapoleta faida. Nilishtuka. Haki ya kuambiwa ukweli ilikuwa kichwani mwangu tu. Kwenye kiini haikuwemo hata mstari mmoja.

Msisahau kufuta utangulizi. Ukiuacha, programu inachukua dai lako humo na pengo halionekani. Aya iliyokosekana niliiandika mwenyewe, sentensi sita. Nimekabidhi leo asubuhi.