Usiku Harvard Walipokuja Lynah

Nilisoma sayansi ya udongo Chuo Kikuu cha Cornell, mji wa Ithaca, jimbo la New York. Maisha yangu huko yalikuwa maabara, maktaba na chumbani, kwa sababu baridi ya kule ikishaingia, mtu wa Ukerewe hatoki nje bila sababu ya maana. Aliyenitoa ni mzee mmoja mfugaji ambaye mimi na familia yake tulikuwa tumezoeana sana. Yeye naye alisoma kilimo Cornell mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha akarudi kwenye ng'ombe wa maziwa wa baba yake, nje kidogo ya mji. Akanipigia simu: Ijumaa Harvard wanakuja kucheza mpira wa magongo wa barafuni, ana tiketi mbili za ziada, nisithubutu kukosa.

Nilikwenda na dada mmoja wa Kisumu aliyekuwa akisomea udaktari wa mifugo. Yeye mchezo huo alishauona kwao, kwenye kiwanja cha barafu cha hoteli ya Panari, Nairobi, wanakocheza vijana wa Kenya Ice Lions. Mimi ndiyo mara ya kwanza.

Uwanja wa Lynah si mkubwa. Watu wapatao elfu nne wakiingia umejaa, na kelele za watu hao zote zinabaki humo humo ndani. Tulikaa upande wa wenyeji wa mji, tukitazamana na wanafunzi. Mtangazaji alipoanza kutaja majina ya wachezaji wa Harvard, wanafunzi wote kwa pamoja walifunua magazeti wakajifanya wanasoma, kana kwamba hakuna mtu aliyeingia. Halafu, wageni walipoteleza kuingia uwanjani, samaki wakaanza kuruka.

Nasema samaki wa kweli. Walitoka ndani ya makoti, wamefungwa kwenye mifuko ya plastiki, wakatupwa juu ya barafu. Mmoja aliteleza mpaka ukingoni, chini kabisa ya tulipokaa. Alikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni, mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, jicho limekodoa, na pezi moja limeanza kushika barafu. Dada akanikamata mkono. "Kaka, huyo si mboga ya nyumba nzima?" Sikuwa na la kumjibu. Sisi wote wawili tumekulia ziwani, na tunajua mvuvi anatoka saa ngapi usiku kumtafuta samaki wa namna ile. Wafanyakazi waliingia na makoleo wakawazoa.

Mzee aliona nyuso zetu. Akatuinamia, akatueleza taratibu kwamba Harvard ndio walioanza. Mwaka 1973 Cornell walikwenda kucheza kwao, na mashabiki wa kule wakamtupia kipa wa Cornell kuku aliyekufa. Maana yake ilieleweka: nyie ni chuo cha wakulima, rudini bandani. Timu ya Harvard ilipokuja Ithaca, ikapokewa na samaki, kwa kuwa upande wao, kule Boston, ni wa bandari na wavuvi. "Mimi nakamua ng'ombe kila asubuhi," mzee akasema, "na shahada yangu ni ya chuo hicho hicho wanachokicheka."

Lile neno liliniingia. Baba yangu analima muhogo na mpunga, na nilivuka bahari kusomea udongo. Samaki bado naona hawakustahili kutupwa, na nitaona hivyo siku zote. Ila tangu dakika ile nilijua niko upande gani, na nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Vipindi ni vitatu, dakika ishirini kila kimoja, na katikati linapita gari la Zamboni likikwangua barafu iliyochimbuka na kumwaga maji ya moto yagande upya. Ni katika mapumziko hayo mzee alitupa historia ya timu yake. Zamani hawakuwa na uwanja. Walicheza juu ya ziwa Beebe, lililo ndani ya chuo, na joto likizidi kidogo barafu inalainika na mechi inafutwa. Mwaka 1948 wakaacha kabisa. Lynah ilipofunguliwa mwaka 1957, timu ikafufuka, na mwaka 1963 akaja kocha Ned Harkness, ambaye mzee alimtaja kwa heshima ambayo kwetu anapewa sheikh au padri.

Mwaka 1967 wakatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani kwa kuwafunga Boston University 4-1. Golini alikuwa Ken Dryden, kijana mrefu wa Kanada, ambaye kwa misimu yake mitatu Cornell alishinda mechi 76, akapoteza 4, akatoka sare moja. Baadaye alishinda mara sita Kombe la Stanley, lile la ligi ya kulipwa ya Marekani na Kanada, akiwa na timu ya Montreal Canadiens, akawa mwanasheria, kisha waziri kwao.

Lakini mzee kilichompa raha kabisa ni msimu uliofuata baada ya Dryden kuhitimu. Watu walisema timu imekwisha. Msimu huo wa 1969-70 ikacheza mechi 29 ikashinda zote 29. Fainali ilikuwa Lake Placid, dhidi ya Clarkson, na katika kipindi cha tatu beki Dan Lodboa alifunga mabao matatu peke yake, mchezo ukaisha 6-4. Mpaka leo hakuna timu nyingine ya wanaume iliyochukua ubingwa huo wa daraja la kwanza bila kupoteza wala kutoka sare. Mzee alikuwapo Lake Placid. Alitusimulia bao kwa bao, akionyesha kwa mkono mahali Lodboa alipoanzia kukimbia, mpaka watu wa safu ya mbele wakageuka kumsikiliza.

Usiku ule nasi tulishinda. Bao la mwisho sikuliona likiingia, kwa maana kidude kile cheusi wanachokipiga badala ya mpira kina kasi mno. Niliona taa nyekundu ikiwaka nyuma ya goli na mzee akiruka kama kijana. Dada wa Kisumu alikuwa amesimama juu ya kiti, anamwimbia kipa wa Harvard pamoja na wanafunzi kwamba makosa yote ni yake. Timu zikapanga mistari miwili zikapeana mikono, na wetu wakawainulia wanafunzi magongo.

Pale nje, kwenye theluji, mzee alituuliza kama Jumamosi tuna nafasi. Dada alijibu kabla yangu.